Kicheko Kilichokula Vidole vya Shemeji

SEHEMU YA SABA

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliwaambia kwamba siku ile karakanani, msumeno mkubwa ulipowaka ghafla na kumkata shemeji vidole vitatu vya mkono wa kulia, sikuona ni nani aliyegusa swichi ukutani. Niliona. Nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka pale, na macho yangu hayana kasoro yoyote. Macho yenye kasoro yalikuwa ya mtu mwingine, na huko tutafika.

Wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, ujue mimi ni seremala. Nafanya kazi, au tuseme nilikuwa nafanya kazi, kwenye karakana ya baba mkwe wangu. Shemeji ninayemtaja ni mwanawe wa kiume, kaka wa mke wangu, na ndiye aliyekuwa mwenye ule msumeno. Watu wananiita Kicheko tangu nikiwa mtoto.

Jina hilo sikulipata bure. Mimi nikiogopa, nacheka.

Sisemi tabasamu. Nacheka kwa sauti, mabega yanaruka, machozi yananitoka. Shuleni nilikuwa nachapwa mara mbili kwa kila kosa: mara ya kwanza kwa kosa lenyewe, mara ya pili kwa kumcheka mwalimu. Siku tuliyomzika mama, ndugu zake walinishika mikono huku na huku wakaniondoa kaburini kama mlevi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa naogopa kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Basi siku ile vidole vya shemeji vimelala juu ya maranda, mwenyewe anapiga yowe, na mimi nimesimama karibu na swichi nimejishika mbavu kwa kicheko. Ungekuwepo, ungefikiri nini?

Mafundi wenzangu hawakupoteza muda wa kufikiri. Wa kwanza alinipiga ubao wa mgongoni, nikaanguka kifudifudi. Wa pili alinikanyaga shingo. Wa tatu, ambaye asubuhi yake tulikuwa tumegawana mkate, alinipiga teke la mdomo, jino langu la mbele likaenda kulala na vidole vya shemeji.

"Bado anacheka! Huyu shetani bado anacheka!"

Kila walivyozidi kunipiga nilizidi kuogopa. Na nilivyozidi kuogopa, mnajua.

Baba mkwe alisimama pale pale ukutani. Hakusema wanipige. Hakusema waache.

Walinitupa barabarani kama gunia la pumba. Nilipofika nyumbani nikichechemea, nikakuta mke wangu ameshachukuliwa na mama yake, cherehani yake na vyote. Siku nane nilikaa peke yangu, nakula uji kwa upande mmoja wa mdomo. Siku ya tisa nikaletewa ujumbe: wakwe wanakuita kikaoni, Jumamosi saa tisa alasiri, usichelewe.

Sikuchelewa.

Sebule ilikuwa imepangwa kama mahakama. Kiti changu kiliwekwa katikati, kile kibovu ambacho mimi mwenyewe niliahidi kukitengeneza na sikukitengeneza. Shemeji alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Mama mkwe alikuwa pembeni yake. Mke wangu amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anaangalia sakafu. Mjomba wake, kinyozi mwenye mikono kama makasia, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao.

Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake chini ya dirisha. Mapajani alikuwa na mguu wa meza, mti mgumu, mnene kama mkono wangu, na alikuwa anaupiga msasa taratibu. Hakunijibu salamu.

"Tumekuita useme," mjomba akaanza. "Huyu mtoto wetu alikukosea nini hata umkate?"

"Sikumkata, mjomba."

"Kicheko kilikuwa cha nini?"

"Cha woga."

Shemeji akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Woga! Mimi nakatwa, yeye ndiye anayeogopa! Mjomba, mnisikilizie mtu huyu!"

"Keti chini," mjomba akamwambia, kisha akanigeukia. "Nimeishi miaka sitini na mbili. Sijaona mtu anayecheka kwa woga."

Hapo mke wangu akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona tangu siku ile, nikaona macho yake yakisimama kwenye pengo la jino.

"Waambie yote," akasema. "Waambie mambo yako yote, kama ulivyoniambia mimi kabla hatujaoana. Wajue wewe ni mtu wa namna gani."

Nikawaambia. Sikuwa na njia nyingine. Nilivua nguo zote isipokuwa za mwilini.

Niliwaambia kuhusu shule na kuhusu kaburi la mama. Niliwaambia kwamba kabla sijapiga mbao randa huwa nailamba, maana ulimi wangu unajua unyevu wa mti kuliko kifaa chochote, na ndiyo sababu milango yangu haipindi. Niliwaambia kwamba nikiingia chumba chochote lazima nihesabu bawaba kwanza, ndipo niweze kusikia watu wanasema nini. Kwamba siwezi kula kitu kinacholia mdomoni kama kuna mtu ananitazama. Kwamba mguu wangu wa kushoto una vidole viwili vilivyoungana.

"Vimeungana vipi?" mama mkwe akauliza, akajisahau kwamba ana hasira.

"Kama mapacha, mama," mke wangu akamjibu. "Nimeviona."

"Na hii sebule ina bawaba ngapi?" mjomba akanitega.

"Kumi na nne. Moja ya kabati imelegea."

Mjomba alisimama, akahesabu kwa kidole, akarudi kukaa. Nikaona kona ya mdomo wake inacheza. "Mtu wa namna hii," akamwambia dada yake, "tulimwozaje?"

Mama mkwe akaficha mdomo kwa kanga. Nikafikiri, labda leo nitatoka humu na mke wangu. Kwa muda wa dakika nzima nilifikiri hivyo.

"Nina swali moja," shemeji akasema.

Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilinitisha kuliko kelele zake.

"Siku ile msumeno ulikuwa umezimwa. Niliuzima mwenyewe. Kipande cha mbao kilikwama, nikaingiza mkono kukitoa. Masikio nilikuwa nimeziba pamba. Lakini kicheko chako nilikisikia, Kicheko. Nilikisikia kwanza. Ulicheka, ndipo msumeno ukawaka." Akainama mbele. "Kama unacheka ukiogopa, uliogopa nini wakati hakuna kilichokuwa kimetokea?"

Msasa ukasimama juu ya mguu wa meza.

Ndugu msomaji, hapa ndipo uongo wangu wa wiki iliyopita unapoishia.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile nilimkuta baba mkwe nyuma ya karakana, peke yake, anapapasa kijiti kwa kidole gumba. Kijiti kile alikichonga alama kwa kisu: alama moja fupi kwa kila inchi, ndefu kwa kila futi. Tepu ya kupimia ilikuwa mfukoni mwake lakini haikumsaidia kitu. Alikuwa haoni. Si haoni vizuri. Alikuwa anaona mwanga wa dirisha, na mtu akipita mbele yake anaona kivuli, basi.

Alinishika kola. "Ukisema, umenizika," akaniambia. "Nani ataagiza mlango kwa seremala kipofu? Na huyo kijana wangu ataniweka kwenye kiti kama mzigo. Niapie."

Nikaapa. Huyu ni mtu aliyenichukua nikiwa sijui hata kushika randa, akanifundisha kazi, akanipa binti yake. Tangu hapo nikawa macho yake. Nilimpimia, nilimchagulia mbao, nilimsogezea patasi ilipo mkono wake. Yeye alijua kila kona ya karakana kwa miguu, na watu walizidi kumsifu kwamba uzee haumgusi.

Siku ya msumeno aliingia akitokea uani. Alizoea kumwashia mwanawe wakati wa kupasua mbao nzito. Alipapasa ukuta, akaipata swichi, akauliza kwa sauti yake ile ya chini: "Tayari?"

Shemeji ana pamba masikioni. Hakusikia.

Mimi nilisikia. Niliona mkono wa mzee juu ya swichi, nikaona mkono wa shemeji chini ya meno ya msumeno. Nilifungua kinywa kupiga kelele asiwashe.

Kikatoka kicheko.

Na mzee, kusikia mkwe wake anacheka, akajua mambo ni shwari. Akawasha.

Hilo ndilo nililowaficha. Mnaonipigia simu kupitia gazeti hili kunipa pole, kwamba nilipigwa bila hatia, sasa mjue mlikuwa mnampa pole nani.

Turudi sebuleni. Wote walikuwa wananitazama, isipokuwa mmoja.

"Jibu swali," mjomba akasema.

Nikamgeukia mzee. "Baba," nikasema, "sema wewe."

"Niseme nini?"

"Sema ulichoniuliza siku ile."

"Mimi sijakuuliza kitu."

"Baba, uliniapisha. Nimepigwa, nimenyamaza. Mke wangu mmemchukua, nimenyamaza. Sasa nakuomba—"

"Toka nyumbani kwangu!"

Alisimama na ule mguu wa meza mkononi. Kwa sauti yangu alijua nilipo. Pigo la kwanza lilinipata sikioni, kile kiti kibovu kikavunjika chini yangu, nikaenda chini na vipande vyake. Damu ikaniingia jichoni.

Na mimi, jamani, nikaanza kucheka.

"Anamcheka baba yetu!" shemeji akapiga ukelele. Mjomba, ambaye dakika tano nyuma alikuwa karibu kucheka na mimi, alinipiga teke la mbavu nikasikia kitu ndani kinasogea. Alinishika nywele akaninyanyua, akanipiga kofi, akaniachia. Niligonga uso sakafuni. Nikacheka na sakafu.

"Baba, mwache!" Hiyo ilikuwa sauti ya mke wangu, lakini aliitoa mara moja tu. Baada ya hapo hakusema tena. Aliondoka kwenye kigoda, akapita kati ya watu, akasimama mbele yangu na mikono ameitandaza. Ni mwanamke wa maneno machache. Alifikiri baba yake akimwona atashusha mkono.

Mzee alifuata kicheko.

Pigo la pili lilimpata mke wangu kwenye bega, karibu na shingo. Alipiga magoti bila kutoa sauti, pumzi imekatika.

"Cheka!" mzee akasema. "Cheka sasa!"

Pigo la tatu likampata kichwani.

Alinilalia miguuni. Nilimshika, na mkono wangu ukarudi mwekundu. Mzee akainua ule mguu wa meza mara ya nne, jasho linamtiririka, anahema, uso wake ameuelekeza juu ya vichwa vyetu, kwenye kabati la vyombo.

"Unamuua mtoto wako!" mama mkwe akalia.

Mzee akasimama na mkono hewani.

"Mtoto gani?" akauliza.

Mjomba aliyekuwa bado amenikanyaga mbavu aliuondoa mguu wake polepole. Mama mkwe alijitupa chini, akamvuta binti yake mapajani, akaanza kumfunga kichwa kwa kanga.

"Mtoto gani?" mzee akarudia. "Nimempiga nani? Mama watoto, nimempiga nani?"

Mke wangu akakohoa. "Ni mimi, baba."

Mguu wa meza ukaanguka. Mzee alipiga magoti akawa anapapasa sakafu: vipande vya kiti, kigoda kilichopinduka, kiatu changu. Vidole vyake vilikuwa vinamtafuta binti yake upande ambao hayupo.

Mama mkwe alimtazama mume wake waliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na nane, na nikaona akianza kukumbuka mambo. Chai iliyomwagwa. Shati lililovaliwa kinyume. Mzee kugoma kusoma barua, akisema mke wake ana sauti nzuri ya kusomea.

Lakini shemeji ndiye aliyekumbuka haraka kuliko wote.

Alisimama kutoka kwenye kochi. Sanduku la vyombo vya kazi vya mzee lilikuwa kando ya mlango, kama siku zote. Alilifungua kwa mkono wa kushoto. Alichukua nyundo, ile kubwa ya kuchomolea misumari. Mkono wake wa kulia uliofungwa ulining'inia tu ubavuni.

"Baba," akasema.

Mzee akageuza uso, akakosea kidogo, akawa anamwelekea mjomba. "Naam, mwanangu."

"Nimeinua vidole vingapi?"

Hakuwa ameinua kitu. Mkono mmoja ulikuwa chini, mwingine una nyundo.

Nilimwona mzee akitafuta jibu kama alivyotafuta zile alama kwenye kijiti chake.

"Viwili, mwanangu," akasema mwishowe. "Ndivyo nilivyokuachia."

Nimesikia misumeno mingi maishani, nimesikia watu wakilia misibani. Sijasikia sauti kama iliyomtoka shemeji wakati ule.

"Siku nane!" akasema. "Siku nane umekaa kitandani kwangu, umenishika mkono huu, unaniambia ni Kicheko! Umenilisha kwa kijiko, unaniambia ni Kicheko!"

"Niliogopa."

"Uliogopa!"

"Weka nyundo chini," mjomba akasema, lakini hakusogea. Alikuwa anaitazama ile nyundo kama sisi wote.

Shemeji akapiga hatua moja. Mzee hakujikinga, na angejikingaje? Hakujua inatoka upande gani. Alikuwa amekaa na mikono imefunguka, uso ameuelekeza dirishani kwenye mwanga.

Hapo ndipo nilipopata sauti yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikiwa nimejaa woga mpaka kooni, yalitoka maneno.

"Shemeji! Aliuliza! Baba aliuliza kama tayari! Mimi nilimwona, nikataka kumzuia, kikatoka kicheko. Alisikia nacheka ndipo akawasha. Si yeye peke yake. Ni mimi!"

Nilidhani ukweli ungemtuliza. Sijui nilidhani hivyo kwa akili ipi.

Shemeji aligeuza kichwa akanitazama. Akamtazama baba yake. Akanitazama tena. Jicho lake lilikuwa linakwenda kwangu na kurudi kwa mzee kama la mtu anayechagua mbao ipi aanze kupigilia msumari, na nyundo ikapanda juu ya bega, ikapanda zaidi, ikagusa taa, kivuli kikaanza kucheza ukutani.

"Kaka!" mke wangu akaita kutoka mapajani mwa mama yake. "Kaka, nakuomba!"

Nilitambaa. Sikumtambalia shemeji, nilimtambalia mzee. Mpaka leo sielewi kwa nini nilimchagua aliyenipasua sikio. Nilimrukia kifuani, tukaanguka wote wawili, akanikumbatia kwa nguvu akinong'ona, "Nani huyu? Nani huyu?"

Nyundo ikashuka.

Nilisikia mfupa ukivunjika. Na kwa muda wa pumzi moja, mimi na baba mkwe tumekumbatiana pale sakafuni, hakuna kati yetu aliyejua ni wa nani.